Maswali ya Wasomaji: Gauni la Kulalia Nje ya Chumba

SWALI: Mhariri mpendwa, mama mkwe wangu alipotutembelea hapa Umoja alinikuta asubuhi nikitoka kwa mama mboga, nimevaa gauni la kulalia na kujitanda leso mabegani. Hakusema neno mbele za watu, ila tulipoingia ndani aliniambia kuwa vazi hilo tangu zamani ni la chumbani na kwamba nimemwaibisha mwanawe. Je, ni kweli? – Mkaza Mwana, Umoja.

JIBU: Dada yetu, pole kwa lawama hizo. Kuhusu zamani, mama mkwe wako amekosea. Kuhusu asubuhi hiyo, huenda ana hoja.

Uingereza ya karne ya 16 hadi ya 18 ilikuwa na vazi lililoitwa gauni la usiku, nalo halikuwa la kulalia. Lilikuwa joho pana ambalo mwanamume au mwanamke alilivaa anapopumzika nyumbani, na mwenye nyumba aliweza kuwapokea wageni akiwa amelivaa bila kuona haya. Mwaka 1532 Mfalme Henry VIII alimpa Anne Boleyn joho la aina hiyo, la satini nyeusi lenye ukingo wa mahameli. Baadaye meli za biashara zilipoleta kimono za Japani na vitambaa vya India, wanaume wa mjini wakayapenda majoho ya mitindo hiyo, hata Samuel Pepys, mtumishi wa serikali anayekumbukwa kwa shajara yake, akakodi joho la Kihindi mwaka 1666 ili achorwe picha akiwa amelivaa. Nguo ya kuficha haikodishwi ili mtu achorwe nayo. Kitandani watu wengi walilala na shati au shimizi tu.

Gauni la kulalia tunalolijua, jeupe, la pamba au kitani, lenye lesi na vifungo hadi shingoni, lilienea katika karne ya 19, na mwishoni mwa karne hiyo wanaume wakaanza kuacha mashati marefu ya kulalia na kuvaa pajama zilizotoka India. Linalomtia haya mama mkwe wako lilikuja baadaye zaidi: nailoni ilitangazwa mwaka 1938, na baada ya Vita Vikuu vya Pili magauni mepesi yanayoangaza yakaweza kununuliwa hata na mwanamke wa kipato cha kawaida. Huko Kerala, India, wanawake wengi hushinda na gauni la kulalia mchana kutwa, na wakitoka hadi dukani hujitupia mtandio. Hapa Nairobi dera hufanya kazi hiyo hiyo, na sijasikia mtu akilalamika.

Kwa hiyo lichunguze gauni lenyewe. Lishike mbele ya dirisha, upitishe mkono ndani. Ukiuona mkono, leso moja mabegani haikutoshi, kwani mwanga wa asubuhi hupita chini yake. Leso huuzwa doti: funga ya pili kiunoni, au vaa kamisi. Habari za Henry VIII usimpelekee mama mkwe. Mwombe radhi, mpikie chai, yaishe.

SWALI: Nilimnunulia mama gauni la kulalia la mitumba Gikomba, nikakuta lebo yenye maandishi mekundu ya Kiingereza yanayoonya kwamba liwekwe mbali na moto. Je, lina kasoro? – Msomaji, Kayole.

JIBU: Halina kasoro. Watoto wengi wa Uingereza waliungua magauni yao yaliposhika moto wa meko, na mwaka 1964 zikatungwa kanuni za magauni ya kulalia ya watoto. Kanuni za mwaka 1985 zikaagiza kwamba nguo za kulalia za watu wazima nazo ziwe na lebo. Hatari imo katika upana wa gauni, kwa kuwa pindo hupepea na hewa hupita pande zote mbili za kitambaa. Pamba yenye manyoya hushika moto upesi sana. Poliesta huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Ikiwa mama hupikia jiko la makaa au la mafuta ya taa, abadili nguo kabla ya kuliwasha, au mnunulie pajama isiyopwaya.