Chumvi ndiyo, ndoo ya maji hapana

Swali la wiki liliuliza: "Je, kumloweka bata mzinga kwenye maji ya chumvi kabla ya kumwoka kunasaidia kweli, au ni mazoea tu?" Chumvi inasaidia, tena sana. Maji ndiyo yasiyo na kazi.

Naishi Minnesota, jimbo linaloongoza Marekani kwa ufugaji wa bata mzinga, na Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving), ikikaribia, Wakenya na Watanzania tulio huku tunaanza kupigiana simu. Ndege mwenyewe hatoshei sufuria yoyote ya nyumbani, nyama yake haina mafuta, na wageni wameshaalikwa. Aliyezoea kuku wa kienyeji hudhani akimchemsha kwanza mambo yatakuwa mepesi. Hayawi. Shida ya bata mzinga ni kwamba mapaja yanataka moto mwingi ili yalainike, na kidari hakiutaki. Mpaka mapaja yafike nyuzi 80 za Selsiasi, kidari kimeshakuwa pamba.

Chumvi inakuja kuokoa kidari. Ikizama kwenye nyama huzilegeza protini za misuli, na nyama iliyolegezwa hivyo haijikamui sana ikipata moto, kwa hiyo maji yake mengi hubaki ndani. Siri ya ndoo ni hiyo tu. Ni kweli kwamba ndege aliyelowekwa hunywa pia sehemu ya maji ya ndoo na kuongezeka uzito, na wanaoitetea ndoo hujivunia hilo. Mimi ndipo ninapogombana nao. Unyevu ule ni maji ya bomba. Ukitafuna unahisi nyama ina majimaji, lakini ladha yake imezimuliwa. Ngozi nayo imelowa, na ngozi iliyolowa haiwi kavu ya kuvunjika hata uifanyeje.

Wengine hutia ndooni mdalasini, karafuu, maganda ya machungwa na rundo la majani. Chumvi husafiri ndani ya nyama, viungo karibu vyote hubaki juu juu. Karafuu hizo ungezipikia chai ungefaidi zaidi.

Tufanye hesabu. Ndege wa kilo 6 anataka kama lita 8 za maji ili azame. Kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 6, hiyo ni karibu nusu kilo ya chumvi, na nyingi yake itaishia kwenye sinki. Ukimpaka chumvi kavu, gramu 10 kwa kila kilo zinatosha: gramu 60, yaani vijiko vitatu vya chakula na kidogo, vya chumvi laini ya mezani. Afadhali upime kwa mizani. Chumvi ya chenga kubwa inayopendwa na wapishi wa huku, kijiko chake kinaweza kuwa na uzito wa nusu tu ya ile laini, na mapishi mengi hayakwambii yanasema chumvi ipi.

Kuna pia suala la mahali. Ndoo haiingii kwenye friji iliyojaa vyakula vya sikukuu, basi watu huiweka kibarazani, eti nje kuna baridi. Novemba ya Minnesota haina msimamo: leo theluji, kesho jua. Nyama mbichi inatakiwa ikae kwenye nyuzi 4 au chini ya hapo, muda wote, na kibaraza hakiwezi kukuahidi hilo.

Kabla ya kugusa chumvi yoyote, soma lebo. Ndege wengi wa bei nafuu wameshadungwa maji ya chumvi kiwandani, na asilimia yake huandikwa kwa herufi ndogo ndogo. Huyo usimwongezee. Aliyeandikwa kosher, yaani aliyeandaliwa kwa sheria za Kiyahudi, naye ameshatiwa chumvi. Ukinunua duka la halali, soma vilevile, maana halali inahusu uchinjaji, haikuhakikishii kwamba sindano haikupita.

Mimi ndege aliyeganda humwingiza friji Jumamosi, rafu ya chini, juu ya trei yenye kingo ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kuyeyuka huchukua kama siku moja kwa kila kilo 2. Jumanne jioni namtoa shingo na kile kifuko cha firigisi na maini, nakata uti wa mgongo kwa mkasi wa jikoni, namgeuza na kukibonyeza kidari kwa viganja viwili mpaka mfupa ulie. Sasa amelala bapa. Hii kwangu ni muhimu kama chumvi yenyewe, kwa sababu mapaja yanabaki wazi kwenye moto badala ya kujificha chini, na yanawahi kuiva pamoja na kidari. Atakayetaka ndege mzima wa kupigia picha mezani, shauri yake.

Hapo ndipo nampaka chumvi, kidari na mapaja zaidi, nyingine chini ya ngozi, kisha anarudi friji bila kufunikwa mpaka Alhamisi. Mwanzo utaona majimaji yametoka juu. Usiyafute. Yameyeyusha chumvi na yatarudi nayo ndani. Baridi ya friji itaikausha ngozi.

Najua linalokuja: hujamwosha? Sisi wa Pwani kuku asiyepitishwa ndimu hatumhesabu kuwa safi, na shangazi yangu akisikia napika bila kuosha huguna. Lakini Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri usioshe, kwa sababu maji yanarusha vijidudu kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo jirani, na kinachoviua ni moto. Mimi namfuta kwa karatasi za jikoni tu. Ndimu naipeleka mezani. Ikikaa siku mbili juu ya nyama mbichi, uso wa nyama unaharibika na kuwa kama unga uliorojeka.

Siku ya kupika, naponda kitunguu thomu na bizari nzima na pilipili manga, nachanganya na samli na kuusukuma mchanganyiko chini ya ngozi. Ukiuacha juu, thomu itaungua na kuwa chungu. Siagi pia inafaa, ila ina maji ndani yake, na mimi kwa samli sibishani na mtu. Oveni iwe nyuzi 220. Ndege bapa wa kilo 6 huchukua kama saa moja na nusu, lakini usiiamini saa, mwamini kipimajoto: 74 kwenye sehemu nene ya kidari pasipogusa mfupa, 80 au zaidi pajani. Kile kitufe cha plastiki ambacho ndege wengine huja nacho kimechomekwa kidarini mara nyingi hufyatuka kidari kikiwa kimeshakauka. King'oe tu. Akitoka, apumzike nusu saa kabla ya kisu. Usimfunge kwa foili, mvuke utailegeza ngozi uliyoihangaikia tangu Jumanne.

Ule uti wa mgongo, shingo na firigisi vichemshe taratibu na kitunguu na tangawizi wakati ndege yuko ovenini. Chuja, mimina supu hiyo kwenye trei, kwangua yaliyogandia chini na upike mchuzi. Ndege wa ndoo mara nyingi hukuachia kwenye trei majimaji ya chumvi tupu ambayo hayapikiki kitu. Huyu mchuzi wake unalika kwa wali. Onja kwanza kabla ya kutia chumvi.