Maswali ya Wasomaji: Stesheni ya TAZARA na viazi vya Tabora

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa nini stesheni ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) Mbeya iliwekwa nje ya mji, njia ya Tunduma, wakati stesheni kongwe ya Reli ya Kati Dar es Salaam iko katikati? Pia nina viazi vya kupeleka Tabora. Behewa likipakiwa hapa litaunganishwa na Reli ya Kati bila kushusha mzigo?
Msomaji, Uyole

JIBU: Dar, Wajerumani walianza Reli ya Kati mwaka 1905 wakitokea bandarini, na mji ukakua ukiizunguka. Mbeya ni kinyume. Mji ulianza miaka ya 1920, enzi za machimbo ya dhahabu ya Lupa, ukajibanza chini ya mlima Loleza. TAZARA ilianza kujengwa 1970 ikakabidhiwa 1976, mteremko umeshajaa nyumba.

Na treni haipandi kama daladala. Chuma juu ya chuma huteleza: mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100 za njia tayari ni mateso kwa kichwa cha treni kinachovuta mzigo. Stesheni yenyewe hutaka mamia ya mita za ardhi karibu tambarare, la sivyo behewa lililotenganishwa na treni huanza kushuka peke yake. Kwa taarifa yako, kilele cha reli nzima kiko huko huko kwenu Uyole, takriban mita 1,789 juu ya usawa wa bahari.

Kuhusu viazi, hapana. Geji, yaani nafasi kati ya kingo za ndani za reli mbili, ni milimita 1,067 kwa TAZARA, ili ilingane na ya Zambia na kusini mwa Afrika. Reli ya Kati ya zamani ni 1,000, na SGR, reli mpya ya kisasa, ni 1,435. Hata tofauti ya milimita 67 inatosha gurudumu likose pa kukanyaga. Kidatu, tawi la kutoka Kilosa linapokutana na TAZARA, mzigo hushushwa na kupakiwa upya, na kiazi kilichogongwa mara mbili huoza upesi. Sisi tungepakia lori lipite Chunya, Rungwa na Sikonge.

Ukisafiri mwenyewe kupitia Dar, jihadhari: ukimwambia dereva “Stesheni” atakupeleka mjini, kwenye Reli ya Kati. Treni ya Mbeya hupandiwa TAZARA, makutano ya barabara za Nyerere na Mandela.