Aggrey wa Mtaa wa Aggrey ni nani? Nilivyomfuatilia mtandaoni

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kuwatafuta watu ambao mitaa ya Dar imebeba majina yao, ikiwa huna nafasi ya kwenda kushinda kwenye Nyaraka za Taifa. Nikujibu kwa mtaa mmoja niliohangaika nao mwenyewe: Aggrey, pale Kariakoo.

Nimenunua vitu Aggrey tangu ujana wangu, na muda wote huo nilimdhania kuwa mfanyabiashara wa zamani, pengine mwenye nyumba ya kwanza pale. Siku nilipoamua kutafuta, niliandika jina la mtaa na la mji, nikaletewa maduka matupu. Wengi hukatia tamaa hapo. Kilichonivusha ni kuuacha mtaa na kumtafuta mtu. Internet Archive ni maktaba ya bure, na ina sehemu ya kutafuta maneno yaliyomo ndani ya vitabu, si kwenye majalada tu. Nikaweka "Aggrey" pamoja na "Tanganyika", nikabana miaka ya 1920 hadi 1930.

Akatokea James Emman Kwegyir Aggrey, mzaliwa wa Anomabu, Gold Coast, yaani Ghana ya leo, mwaka 1875. Alikwenda Marekani 1898, akafundisha miaka mingi Livingstone College, North Carolina. Mwaka 1924 alipita Afrika Mashariki na tume ya elimu ya Phelps-Stokes, Mwafrika pekee ndani ya tume hiyo. Hebu fikiria Dar ya wakati ule: anashuka mtu mweusi msomi, anakaa meza moja na Wazungu waliokuja kukagua shule za watoto wetu. Ndiye aliyekuwa akisema kwamba kinanda hakitoi wimbo kamili kwa vibao vyeupe peke yake wala vyeusi peke yake. Alirudi kwao akawa mmoja wa waanzilishi wa shule ya Achimota, akafariki New York Julai 1927.

Sasa sikia hili. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Kleist Sykes, ambaye naye ana mtaa wake mjini, walikutana 1924, na maneno ya Aggrey yalimtia moyo hadi akashiriki kuunda African Association mwaka 1929. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa TAA (Tanganyika African Association), na 1954 kikazaa TANU, chama kilichopigania uhuru. Nilisoma habari hizo usiku. Kesho yake nilikwenda Kariakoo bila haja ya kununua kitu, nikasimama nikikitazama kile kibao cha jina la mtaa.

Kwa hiyo anza na mtu, kisha enzi yake, mtaa uje mwisho. Na tumia majina ya wakati ule. Ukitafuta Samora Avenue katika gazeti la 1935 hupati kitu, kwa sababu wakati huo ni Acacia Avenue. Kwa Mjerumani ilikuwa Unter den Akazien. Baada ya uhuru ikawa Independence Avenue. Lumumba nayo tafuta New Street, Uhuru tafuta Kichwele. Hata jina la mji lenyewe Wajerumani waliliandika Daressalam, neno moja.

Kwa enzi hiyo ya Mjerumani kuna hazina ambayo watu wetu hawaigusi: gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililokuwa likichapwa hapa hapa Dar kuanzia 1899. Staatsbibliothek, maktaba kubwa ya serikali iliyoko Berlin, imeliweka mtandaoni, bure. Kazi ipo kwenye herufi zake za kizamani, maana s ndefu inafanana sana na f, na mashine inazichanganya. Neno lisipopatikana, jaribu kuliandika kwa f mahali pa s.

Usiamini kila jina linalofanana, lakini. Mtu akishapatikana, hakikisha kuna kinachomuunganisha na mji: safari, ofisi, chama, barua. Aggrey nilimkubali kwa sababu ya ile safari ya 1924.

Wewe unatafuta mtaa gani hasa? Utaje, na ukikwama kwenye ukurasa wa Kijerumani weka picha yake, tuusome pamoja.