Maswali na majibu: Ukihisi umewekewa dawa, kinga mkojo kwanza

Nilipewa juisi na abiria mwenzangu kwenye basi la Dar–Mwanza, nimezinduka Singida sina simu wala pochi. Leo siku ya nne, bado nikapime?

Pole sana kaka. Nenda leo leo, usingoje Jumatatu. Damu kwa kawaida inafaa ndani ya siku 2 hivi, mkojo mpaka siku 5, ndo maana kila siku naimba mkojo mkojo. Lakini inategemea ni dawa gani: diazepam, dawa ya usingizi, inakaa siku kadhaa, ila GHB, dawa ya kulevya ya maji, ndani ya masaa 12 imeshatoka hata kwenye mkojo. Muda ukipita zinabaki nywele, zinakatwa kisogoni karibu na ngozi baada ya kama wiki 4, kwa hiyo usinyoe na usipake dawa ya nywele. Pitia polisi uchukue PF3, ile fomu yao ya kwenda nayo hospitali, maana mkojo uliojibebea mwenyewe mfukoni mahakamani hauna nguvu.

Kipimo cha mkojo cha duka la dawa kimetoka hasi. Basi sikuwekewa kitu?

Hapana! Hili swali linarudi kila wiki, jamani someni majibu ya nyuma. Kile kikaratasi kinakamata makundi ya dawa kwa juu juu, dawa za usingizi kama lorazepam na Rohypnol zinaweza kukipita kirahisi kwa sababu dozi yake ni ndogo na mwili unazigeuza kabla hazijatoka, na GHB kwenye vipimo vya kawaida haimo kabisa. Chanya nayo si ya mwisho, lazima ithibitishwe kwenye mashine inayotenganisha kemikali moja moja halafu inapima uzito wa molekuli na vipande vyake. Polisi au ndugu anayemwita mtu muongo kwa sababu ya kikaratasi anamkosea sana.

Ile dawa ya kupuliziwa usoni ukazimia palepale inapimwaje?

Hakuna dawa ya hivyo. Hata klorofomu mtu anahitaji kuivuta dakika kadhaa mfululizo. Wengi wanakuwa wamekula au kunywa kitu, na imani hii inawaumiza maana mtu anatupa chupa ya soda ambayo ndo ingepimwa.

Shemeji yetu kafa gesti, tunahisi aliwekewa dawa. Mochwari wameshamchoma dawa ya kuhifadhi maiti. Tumechelewa?

Poleni. Bado hamjachelewa moja kwa moja, ila mmejipunguzia ushahidi. Formalini inaharibu baadhi ya dawa za usingizi, na damu inakuwa imeshachanganyika, kwa hiyo kiasi kitakachosomwa hakiaminiki. Ombeni polisi waagize uchunguzi wa mwili sasa hivi, kabla ya mazishi. Daktari achukue ini, vilivyomo tumboni, mkojo kama upo na majimaji ya jicho, kila kimoja chombo chake, kisitiwe formalini, kifungwe lakiri. Mwili ambao haujachomwa, damu inatolewa kwenye mshipa wa paja, sio moyoni, kwa sababu mtu akishakufa dawa inavuja kutoka kwenye ini na mapafu mpaka damu ya moyo inasoma juu kuliko alivyokuwa hai, na hapo mtu anaweza kushtakiwa kwa dozi ambayo haikuwepo. Maabara wanasaga kipande cha ini mpaka kiwe uji, wanatoa protini, wanavuta dawa kwa kimiminika kama etha, wanakausha, kilichobaki chini ya kichupa ndo kinaingia mashineni. Wazo hili la zamani, Jean Stas wa Ubelgiji alitoa nikotini kwenye viungo vya maiti mwaka 1850. Familia nyingi zinakimbilia kuchoma dawa ili msiba usiharibike, halafu ndo wanakumbuka kuuliza kafa na nini. Ulizeni kwanza.

Daktari kasema mdogo wangu alikuwa amelewa tu, hamna haja ya kupima dawa.

Pombe kukutwa haifuti dawa nyingine. Omba vyote vipimwe. Na mtu wa hivyo akianza kukoroma vibaya na haamki ukimtingisha, msimwache eti alale pombe imuishe, pombe na dawa ya usingizi pamoja zinazima pumzi. Mlazeni ubavu, mpelekeni hospitali, mkojo mtaukinga hukohuko.