Afya ya Ngozi: Upele ulikwisha, mbona umerudi?

SWALI: Daktari, kijana wangu alirudi kutoka shule ya bweni akijikuna usiku kucha. Kemisti walinipa benzili benzoeti, nikampaka kwenye vipele, akapata nafuu. Baada ya wiki 3 umerudi, na mdogo wake anayelala naye pia anajikuna. Je, dawa ilikuwa bandia?
Mama, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Mama, sidhani kosa ni la dawa. Utitiri wa upele huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo, hasa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Ukipaka panapowasha tu, uliobaki unaendelea kuzaana. Tena anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku akiambukiza wenzake. Kwa hiyo wote nyumbani mpakwe siku moja, hata baba asiyejikuna.

Jioni ogeni, mjikaushe, ngozi ipoe. Msisugue mpaka ichubuke, dawa itawachoma vibaya. Pakeni kuanzia shingoni hadi nyayo, pamoja na kitovu, makwapa na chini ya kucha zilizokatwa. Anayenawa ili ale ugali apakwe mikono upya, maana dawa imekwenda na maji. Hapo wengi hukosea! Rudieni kesho yake bila kuoga, kisha mwoge saa 24 baadaye. Dawa ya 25% ni ya watu wazima. Ya mtoto ichanganywe na maji kiasi sawa. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wa chini ya miaka 2 ni afadhali watumie krimu ya permethrini ya 5%, inayokaa mwilini saa 8 hadi 14 na kurudiwa baada ya siku 7. Kichanga wa chini ya miezi 2 aonwe kliniki kwanza.

Nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto. Blanketi lisilofulika lifungwe ndani ya mfuko kwa siku 4.

Muwasho huweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata utitiri ukiwa umekufa. Msipake kila siku kwa hofu, ngozi itaungua. Vidonda vyenye usaha vinataka antibiotiki, na mtoto akivimba uso au mkojo ukiwa kama strungi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani bakteria wa vidonda hivyo huweza kudhuru figo.

SWALI: Mashilingi (viduara vya fangasi kwenye ngozi) ya binti yangu yalififia kwa krimu ya mchanganyiko. Nilipoiacha yakatapakaa.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Soma tyubu. Ukiona betamethasoni, hiyo ni steroidi: hutuliza muwasho lakini hupunguza kinga ya ngozi, fangasi wakaenea chini kwa chini. Nunua klotrimazoli tupu ya 1%, umpake mara 2 kwa siku, ukivuka ukingo wa duara kwa sentimita 2, na uendelee wiki 2 baada ya ngozi kusafika. Yakiwa kichwani, krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele. Anahitaji griseofulvini ya kumeza, wiki 6 hadi 8, kipimo kikifuata uzito wake, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta.