Maswali Yenu: Zege la vita, ndege ya watu wawili

Barua nyingi za safari hii zinahusu Wickenby, uwanja mdogo wa ndege katikati ya mashamba ya Lincolnshire, Uingereza. Ulifunguliwa Septemba 1942 kwa ajili ya ndege za mabomu. Leo ni wa watu wanaorusha ndege ndogo kwa kujifurahisha.

*Kwenye picha ya setilaiti naona alama za njia tatu ndefu za kurukia ndege, zinazokatana. Kwa nini tatu, na kwa nini ndege sasa zinatumia vipande tu?* (Msomaji, Leicester)

Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha viwanja vya mabomu vya wakati ule: njia moja ya yadi 2,000 (mita 1,829) na mbili za yadi 1,400 (mita 1,280), kila moja ikiwa na upana wa yadi 50. Zilipangwa kama pembetatu ili upepo ukivuma kutoka upande wowote, ipatikane njia inayokaribiana nao. Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya wakati huo, ilikuwa na gurudumu dogo mkiani, na ndege ya namna hiyo ikipigwa na upepo wa ubavu pua yake hukimbilia upande unakotoka upepo. Kwa ndege ya tani 30 iliyojaa mabomu, huo ni msiba.

Vita vilipokwisha, viwanja vingi vya aina hii vilirudi kuwa mashamba, na zege likavunjwa kuwa kifusi cha kujengea barabara. Wickenby zimebaki njia mbili fupi, vipande vya zile za zamani. Kwa hiyo usipime kwa picha. Zege unaloliona si lazima liwe njia ya kurukia. Soma urefu uliotangazwa kwenye kitabu cha viwanja cha mwaka huu, kisha piga simu kabla ya kuondoka, kwa sababu uwanja wa aina hii hutaka uombe ruhusa kwanza.

Zege lenyewe nalo lichunguze. Lilimwagwa kwa mabamba, na kila kiungo kikazibwa kwa lami. Miaka 80 baadaye lami hiyo imekauka. Maji huingia kwenye ufa, huganda majira ya baridi, hutanuka na kumega ukingo wa bamba. Kokoto zinazozagaa hutoka hapo, na propela huzivuta juu kutoka chini yake. Ukitembea na ndege ardhini, weka injini karibu na mizunguko 1,000 kwa dakika, usukani ukiwa umeuvuta nyuma ili pua isilemee. Usijaribu injini kwa nguvu juu ya sehemu iliyovunjika. Tafuta bamba zima. Ukishaegesha, zima, toa ufunguo, kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa mbele wa propela bila kuizungusha. Pengo lenye ncha kali, hata dogo kama punje ya mchele, aonyeshwe fundi kabla hujaruka tena, maana ufa huanzia hapo na kipande cha propela kinaweza kukatika hewani.

*Nilisomea urubani Nairobi kwa Cessna 152, ndege ndogo ya watu wawili. Kule Uingereza uwanja uko karibu na usawa wa bahari. Si mita 600 za majani zinanitosha kabisa?* (Msomaji, Peterborough)

Pole pole, ndugu. Ni kweli, uwanja wa Wilson wa Nairobi uko futi 5,500 hivi juu ya bahari, na kwa kila futi 1,000 unaongeza asilimia 10 kwenye umbali wa kuruka. Ukishuka Lincolnshire ndege inaonekana nyepesi. Ila huko kuna kitu ambacho hukukizoea: majani mabichi yaliyolowa.

Piga hesabu. Kitabu cha 152 kinasema kwenye usawa wa bahari, juu ya njia kavu ya lami, unahitaji mita 408 kuruka na kuvuka kizuizi cha futi 50. Majani yaliyolowa, zidisha kwa 1.3. Kisha zidisha kwa 1.33, ambayo ni akiba ya usalama inayopendekezwa na mamlaka ya anga ya Uingereza. Unapata mita 705. Kutua ni mita 366, mara 1.35 kwa majani yaliyolowa, mara 1.43 kwa akiba ya usalama: mita 707. Mita 600 zako hazitoshi. Juu ya zege kavu, ukizidisha kwa akiba tu, unapata mita 543 za kuruka na 523 za kutua.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni rubani kujumlisha asilimia badala ya kuzidisha. Zidisha moja baada ya nyingine. Na kwenye kutua, majani mafupi sana yaliyolowa juu ya udongo mgumu ni mabaya kuliko marefu: breki hazishiki, na badala ya 1.35 tumia 1.6.

*Namba ya njia kwenye ramani ya zamani ni tofauti na ya sasa. Waliijenga upya?* (Msomaji, Tanga)

Hapana, dira ndiyo iliyohama. Namba ya njia ni mwelekeo wake kwa dira, ukigawanywa kwa 10. Wakati wa vita sindano ya dira Uingereza ilielekea magharibi ya kaskazini halisi kwa kama nyuzi 10. Sasa tofauti hiyo imekaribia sifuri. Njia yenye mwelekeo halisi wa nyuzi 160 iliitwa 17, leo inaitwa 16.

*Injini hukohoa ninapovuta kitasa cha hewa moto ya kabureta (sehemu inayochanganya mafuta na hewa) wakati wa kushuka. Niirudishe?* (Msomaji, Leeds)

Usiirudishe. Unachosikia ni barafu ikiyeyuka na maji yakipita. Acha kitasa kimevutwa hadi mwisho, angalau sekunde 15, hadi mizunguko ipande. Hewa yenye unyevu inaweza kugandisha kabureta hata ikiwa nyuzi 25 za joto, hasa ukiwa umepunguza nguvu ya injini.

*Tutakuwa Lincoln na watoto. Asiye rubani anaruhusiwa?* (Mama, Coventry)

Karibuni. Mnara wa zamani wa kuongozea ndege una makumbusho ya vikosi vya 12 na 626 vilivyorukia hapo, na kuna mnara wa kumbukumbu wa Ikaro, kijana wa hadithi za Kigiriki aliyeruka kwa mabawa, kuwakumbuka watu wao 1,080 waliokufa. Ulizeni saa za kufungua kwanza, na washikeni watoto mkono karibu na ndege: propela inayozunguka haionekani.