Majibu ya vipimo yafike kwenye simu

SWALI: Nimehamia Nkuhungu, Dodoma, natokea Kondoa. Nina kisukari. Nawezaje kupata rekodi zangu za hospitali ya zamani mtandaoni?

JIBU: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuziona taarifa zako, kwa hiyo usiombe kwa unyonge. Piga mapokezi, uliza kama wagonjwa wana akaunti ya mtandaoni. Kama ipo, hakikisha laini iliyo kwenye faili bado ni yako; namba ya siri hutumwa huko, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kama haipo, andika barua kwa mganga mfawidhi: jina kama lilivyo kwenye faili, namba ya faili, tarehe za matibabu na barua pepe yako. Ambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA. "Mwanahawa" hapa na "Mwanahawa J." kule huzaa mafaili mawili, na nusu ya majibu hubaki nyuma.

Usiombe "faili lote". Taja majibu ya maabara, orodha ya dawa na dozi, na muhtasari wa kuruhusiwa kama ulilazwa. Iwe PDF yenye nywila, si picha ya WhatsApp iliyokatwa pembeni. Kwenye kisukari pembeni ndiko kwenye kizio, yaani kipimo kinachoandikwa baada ya namba: 7 mmol/L na 126 mg/dL ni sukari ileile. Eksirei omba kwenye diski, pamoja na ripoti yake.